Habari Zilizosomwa Tanurini

Asubuhi ile Naziha alichelewa kuja tanurini, na Mizhir akaanza kumnung'unikia kabla hajamwona.

"Mikate inapoa, Mama Ghassan! Habari zako zimeoza njiani?"

"Zimeoza kwa joto la tanuri lako," alijibu kutoka mlangoni. "Sogeza miguu yako nipite."

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa saba. Jua lilikuwa halijachomoza na ukuta tayari ulikuwa wa moto. Naziha akakalia ndoo iliyopinduliwa, akavaa miwani. Mizhir akachukua samuni ya kwanza kutoka motoni, akaipasua kwa kidole gumba, akaijaza malai ya nyati na asali ya tende. Mkewe alikula akiwa ameinama mbele asijidondoshee. Alikuwa na miaka sitini na mitatu na meno yake yote, isipokuwa moja alilolivunja kwa kokwa ya tende siku ya harusi ya mwanawe.

Alipomaliza akajifuta vidole, akafungua karatasi.

"Sikiliza. 'Bomba la maji limepasuka mtaa wa Dabbagha, nyuma ya kinu cha mchele, na majitaka yanaingia ndani yake. Chemsheni maji kabla ya kunywa.' Umesikia nini?"

"Nichemshe maji."

"Kwa nini?"

"Mavi yameingia."

"Vizuri." Akatia alama kwa kalamu.

"Na Abbud wa madishi humtaji?"

"Nimemtaja bila jina. Mstari wa nne."

"Wa nne! Mji mzima hauna jina jingine mdomoni."

"Ndiyo maana yuko wa nne."

Mizhir akacheka, akatia mikate mingine. Naziha alipoinuka, abaya yake ilikuwa na duara jeupe la unga nyuma, sawasawa na kitako cha ndoo. Mizhir aliliona. Hakumwambia. Alitaka wamcheke huko redioni, naye arudi mchana kumgombeza. Michezo yao ya uzeeni ilikuwa hiyo.

Hawakupata asubuhi nyingine kama ile.

Mizhir hakusoma. Baba yake alimtia tanurini akiwa na miaka saba, na herufi pekee anayoijua ni mkato wa kisu anaouchora juu ya samuni. Naziha alikuwa binti wa mwalimu. Alipokubali posa ya mwoka mikate, shangazi zake walilia kana kwamba wanamzika.

"Huyo atakusomea nini?" walimwuliza.

"Nitamsomea mimi," akasema.

Alifundisha shule ya wasichana miaka ishirini. Baada ya vita redio ya mji ikafunguliwa katika vyumba viwili juu ya duka la dawa, wakamtafuta kwa sababu ya sauti yake. Ilikuwa sauti nzito, kavu, isiyopanda wala kushuka. Watu wa mji ule, huku kusini mwa Iraki kandokando ya mto Dijla, walikuwa na msemo: Naziha akitangaza kifo chako, wewe mwenyewe utatoka kwenda kununua sanda.

Sauti hiyo ndiyo iliyomwua Daham.

Ulikuwa mwaka wa mauaji. Maiti zilikuwa zikiokotwa asubuhi kama takataka. Uvumi ukazuka kwamba unga wa kutoka kaskazini una sumu, na Naziha akataka kuuzima. Alifanya kama wasomaji habari wote walivyofanya siku zile, akautaja uvumi kwanza ili aukanushe baadaye. Saa nane mchana akasoma: "Yasemekana lori la unga lililoingia mjini leo limetiwa sumu ya kumaliza familia nzima."

Hapo umeme wa serikali ukakatika.

Hata mtoto alijua kuwa umeme hukatika saa nane. Watu walirekebisha saa zao kwa kukatika kule. Naziha alilijua hilo kuliko wote, na siku ile hakulifikiria. Studio ilikuwa na betri yake, kwa hiyo hakuona tofauti. Aliendelea kusoma. Akakanusha vizuri sana, akataja jina la daktari aliyepima unga. Alikanusha peke yake chumbani. Jenereta za mitaa zilipowashwa, redio zikarudi, naye alikuwa ameshafika kwenye bei ya nyanya.

Lori lilikuwa limesimama mbele ya tanuri la Mizhir. Unga ule ulikuwa wake.

Naye alikuwa amesikia sauti ya mkewe. Hakuhitaji neno la pili. Alitoka na sepetu la mbao, lile la mpini mrefu la kutilia mikate motoni. Wanaume wa mtaa nao wakatoka, kila mtu na alichokishika. Daham, dereva, alikuwa anafungua turubai. Akawaona. Alielewa upesi, maana zilikuwa siku za kuelewa upesi. Akatoboa gunia kwa kidole, akajitia konzi nzima ya unga mdomoni, akawaonyesha kwa mikono: tazameni, ninakula. Kusema hakuweza, mdomo umejaa.

Mizhir akampiga shavuni kwa ubapa wa sepetu. Unga ukaruka kama moshi.

Pigo moja. Mizhir amelihesabu miaka yote hii na linabaki moja. Lakini lilikuwa la kwanza. Waliofuata walikuwa na nondo, matofali, na spana ya magurudumu ya Daham mwenyewe. Walimvunja magoti ili asikimbie, kisha wakamkokota kwa miguu hadi darajani, kichwa kikigonga kila jiwe. Mtu mmoja alikanyaga mkono wake na kuuzungusha kisigino kama anazima sigara. Alipotupwa mtoni bado alikuwa anakohoa unga.

Wazee wa makabila walikaa. Diya, fidia ya damu, ikatoka, kahawa chungu ikanywewa, jambo likafungwa. Kwa Naziha halikufungwa. Aliliosha lile sepetu kwa mchanga na maji ya moto, akalisimamisha mahali pake, na hakusema na mumewe siku arobaini. Alipika, akafua, akaenda redioni. Nyumbani sauti ile haikusikika.

Siku ya arobaini na moja alikuja tanurini alfajiri na karatasi mkononi.

"Nitakusomea sentensi ya kwanza," alisema. "Niambie umesikia nini. Hiyo ya kwanza tu."

Mizhir akaanza kulia.

"Usilie. Sikiliza."

Tangu hapo, miaka kumi na saba, hakuna habari iliyosomwa redioni kabla ya kupita tanurini. Mizhir akielewa vibaya, Naziha alikata na kuandika upya pale pale juu ya goti. Neno "yasemekana" alilifuta kabisa. Akiletewa uvumi, alifunga viatu akaenda kutazama alichoweza kukiona kwa macho, akarudi, akaanza na alichokiona. Uvumi wenyewe aliutia chini, kwa maneno machache, bila mapambo. Na hakuwahi kunyamaza kabisa. Vijana wa redio walipomwambia heri kunyamaza, aliwajibu kwamba redio ikinyamaza watu hawanyamazi, wanajisomea wenyewe.

Abbud alikuwa fundi wa madishi. Alikuwa amepanda kila paa la mji, na kutoka juu alijua kila nyumba ina nini na haina nini. Alikuwa mcheshi, mtu wa msaada, na mikono yake ilikuwa hodari. Mkewe akaharibikiwa mimba ya kwanza. Akaharibikiwa ya pili. Baada ya ya tatu Abbud aliacha ucheshi. Alianza kuzungumza kwenye ukurasa wake mtandaoni, kila jioni, juu ya dawa inayotiwa kwenye maji. Klorini, alisema, si klorini. Imeletwa na wageni kukausha matumbo ya wanawake wa kusini. Anayeitia ni Lafta wa pampu, na Lafta analipwa.

Lafta alikuwa mtunza pampu tangu ujana. Mtu wa maneno machache, mwenye kigugumizi, baba wa watoto wanne. Kila siku alipita tanurini kuchukua samuni nane, na kila siku Mizhir alimtilia ya tisa kwa makusudi, naye Lafta aliirudisha.

Watu walimcheka Abbud mwanzoni. Kisha kwenye joto la mwezi wa saba watoto wa Dabbagha wakaanza kutapika na kuharisha. Wawili wakafa ndani ya siku mbili. Hakuna aliyecheka tena.

Meneja wa redio wakati huo alikuwa Ustadh Nibras, kijana nadhifu aliyesoma mbali. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka redio isikilizwe. Jumatano Naziha alirudi nyumbani akavua abaya, akamwigizia mumewe ugomvi wao wote, sauti ya Nibras kwa puani na yake mwenyewe kama ilivyo.

"'Hajjati, haki ni haki. Dakika kumi kwake, dakika kumi kwa mhandisi wa maji.'

"'Unga na jasi vyote vyeupe, Ustadh. Mwoka mikate akivichanganya nusu kwa nusu, utamwita mtu wa haki?'

"'Basi tusimtaje kabisa?'

"'Tumtaje. Tuseme yuko mkazi wa mji huu ambaye mkewe ameharibikiwa mimba tatu, na hakuna daktari aliyekaa nao hata robo saa. Hilo ni kweli na linauma. Hilo nitalisoma mimi. La sumu sitamshikia kipaza sauti.'

"'Watasema tumenunuliwa.'

"'Walianza kusema hivyo redio haijafunguliwa.'"

"Akasema nini?" Mizhir akauliza.

"Akasema mimi ni mama yake, ananiheshimu. Mtu akishakwambia hivyo, ujue ameamua lake."

Na kweli alikuwa ameamua. Alhamisi ile Naziha alisoma habari za asubuhi, bomba kwanza, kisha akaenda Dabbagha kutazama kama mafundi wamefika. Hawakuwa wamefika. Katapila la kuchimba barabara lilikuwa limekwaruza bomba tangu Jumatatu, na shimo lilikuwa limejaa maji meusi. Akiwa huko, Nibras alimwingiza Abbud studioni. Alimwuliza maswali magumu, hilo lazima lisemwe. Baada yake akazungumza mhandisi, akajibu kila kitu, hatua kwa hatua, kwa nambari. Mtu aliyesikia kipindi chote angeelewa.

Hakuna aliyesikia kipindi chote. Abbud alikata sehemu yake peke yake, akabakiza mwanzoni ule mlio wa redio ambao watu waliusikia kabla ya kila taarifa ya Naziha, akaituma. Ilipofika adhuhuri ilikuwa kwenye kila simu mjini. Juu yake aliandika: Redio yathibitisha.

Naziha aliingia tanurini viatu vimejaa tope jeusi, pumzi juu juu.

"Baba Ghassan, washa gari."

"Kuna nini?"

"Wanakwenda pampuni. Lafta yuko peke yake."

Mizhir aliendelea kushika mpini wa sepetu. "Mama Ghassan, mimi siendi penye kundi la watu. Unajua. Niliapa."

"Najua uliapa. Twende."

Akaliweka sepetu chini. Ndani ya gari la mikate Naziha alikuwa akiandika, karatasi inaruka kwenye mashimo.

"'Nendeni nyuma ya kinu cha mchele mkatazame kwa macho yenu, bomba limepasuka pale.' Umesikia nini?"

"Niende kinuni."

"Na Lafta?"

"Hujamtaja."

"Sawasawa. Wakisikia jina lake kwanza, watasikia jina lake tu."

Pampu iko ukingoni mwa mto, kijumba cha matofali chenye mlango wa bati. Wanaume kama sitini walikuwa pale, wengine na majembe, wengine na mabomba ya chuma. Mmoja alikuwa na dumu la dizeli. Baba wa mmoja wa watoto waliokufa alikuwa amekaa chini ameegemea ukuta, amepakata kiatu kidogo. Abbud alikuwa mbele, simu juu ya fimbo, anarusha moja kwa moja. Ndani Lafta alikuwa akisema kitu na hakifiki mwisho.

"S-s-si..."

"Si nini, bubu wewe?" mtu akapiga bati kwa jembe. "Toka utumalizie neno!"

"Mnyweshe dawa yake uone kama hatanyooka ulimi!"

Naziha akapita katikati yao. Walimpisha. Alikuwa amewafundisha dada zao. Akasimama mgongo mlangoni.

"Karibu, Hajjati!" Abbud akasema, uso kwenye simu. "Umetuletea hali ya hewa?"

"Joto," alisema. "Na mna kiu. Nendeni nyuma ya kinu cha mchele mkatazame kwa macho yenu. Bomba limepasuka pale, na choo cha kinu kinamwagikia humo. Ninatoka huko sasa hivi. Tazameni viatu vyangu."

Wakatazama. Ilikuwa sauti ileile, na walikuwa wamezoea kuitii.

"Katapila lilipita pale Jumatatu," mtu akasema. "Nililiona."

"Ukaliona ukanyamaza, punda?"

"Nani aliniuliza?"

"Twende, kinu si mbali. Tukikuta pakavu, tutarudi na huyu mama atatueleza."

Wakaondoka kama ishirini, na majembe yao. Yule baba wa kiatu akainuka akawafuata. Mizhir, kando ya gari, akavuta pumzi ya kwanza tangu atoke tanurini. Kama kundi lingegawanyika mara moja zaidi, Lafta angetoka mzima.

Abbud aliona vilevile.

"Mnamsikiliza huyu?" alipaza sauti. "Mwulizeni unga! Mwulizeni mumewe yule pale, alimfanya nini Daham! Nilikuwa kijana, nilisimama darajani, niliona!"

Vichwa vyote vikamgeukia Mizhir. Mji mzima ulijua, na kwa miaka kumi na saba hakuna mdomo uliolitamka. Akashika mlango wa gari.

"Alimpiga," Naziha akasema. Hakuongeza sauti wala kuipunguza. "Alimpiga kwa sababu mimi nilisoma uongo mbele na ukweli nyuma. Damu ile iko juu yetu wawili. Ndiyo maana leo sitaki iwe juu yako, Abbud. Zima hiyo simu, mwanangu, uje tuzungumze. Najua uchungu wa mkeo. Mimba tatu si mchezo."

Hilo ndilo kosa lake pekee siku ile. Katika taarifa ya asubuhi alikuwa ameandika mkazi mmoja wa mji, hakutaja jina, kwa sababu kwao mke wa mtu hatajwi mbele ya wanaume. Tumbo lake ndiyo kabisa. Aliyajua hayo tangu utotoni. Labda kwa sababu alikuwa akisema na Abbud kama mama na mwanawe, alisahau wale arobaini walikuwa wanasikia, na simu ilikuwa inarusha.

Mtu mmoja nyuma alicheka. Cheko fupi, la puani.

Uso wa Abbud ukabadilika. Simu ikaanguka, bado inarusha. Akaokota nusu tofali na kulirusha kwa mkono ule hodari wa kupigia misumari juu ya paa.

Lilimpata Naziha juu ya sikio. Mlio wake ulikuwa wa chungu kupasuka. Alikaa chini taratibu, kama anavyoikalia ndoo yake, na damu ikatoka chini ya shungi nyeusi, kwanza kidogo, kisha ikashuka shingoni na kifuani bila kusimama.

Mizhir alifika kwake akitambaa. Juu yao watu walikuwa wanaruka kuuvunja mlango. Bati likakunjika. Lafta alitolewa kwa nywele, akatupwa kifudifudi, na jembe la kwanza likampiga mkono aliojikinga nao. Mfupa ukatoka nje ya ngozi, mweupe. Alipiga kelele bila kigugumizi.

Naziha alimshika Mizhir ukosi.

"Nenda kwa Lafta," alisema.

"Wewe unatoka damu."

"Nimeona. Nenda kwa Lafta."

Mizhir alimwacha mkewe mlangoni. Hakuna siku anayopitisha bila kuiona hatua ile. Akaenda, akajitupa juu ya Lafta, mzima wake, tumbo juu ya mgongo, mikono juu ya kichwa cha mwenziwe. Alikuwa mzee wa miaka sabini, mnene wa mikate. Wakampiga yeye. Bomba la chuma likamvunja mbavu, akazisikia zikivunjika moja moja, kama vijiti vya tanuri. Mtu alimkanyaga sikio mpaka likachanika. Mwingine alijaribu kumbandua kwa ndevu.

"Ondoka, ami! Hatukutaki wewe!"

"Siondoki."

"Tutawachoma wote wawili!"

"Chomeni."

Dizeli ikamwagwa. Ikamwingia machoni. Alisikia mtu anauliza kiberiti, na mwingine anajibu hana, na wa tatu anawatukana wote wawili kwa kuvuta sigara kila siku na leo kukosa moto. Mizhir, maisha yake yote mtu wa moto, alifumba macho akaungoja.

Badala yake kikaanguka kitu kizito karibu na kichwa chake, na uvundo ukawajaa wote puani. Waliokwenda kinuni walikuwa wamerudi. Walikuwa wamechimba, wakakata kipande cha bomba urefu wa mkono, cheusi ndani, kinyesi kimeganda. Aliyekitupa alikuwa baba wa kile kiatu. Alikaa chini kando ya kipande kile akakitazama.

"Wamekiweka wao wenyewe," sauti moja ilisema. "Mnachezewa."

Wawili watatu wakaitikia. Lakini mikono ilikuwa imeshuka. Mwenye bomba la chuma akalitazama, akalitupa mtoni, akaondoka akitembea haraka bila kugeuka nyuma. Wengine wakafuata.

Lafta aliishi. Mkono madaktari walimkata chini ya kiwiko. Abbud alikamatwa jioni ile juu ya paa la jirani, katikati ya madishi, na mpaka leo huko gerezani aliko anasema maneno yaleyale, na wako wanaompelekea chakula. Bomba lilizibwa Ijumaa.

Naziha alipelekwa hospitali ya mkoa. Alikuwa na akili zake siku tatu, kisha Jumapili adhuhuri akalala, na hakuamka. Mizhir alikaa sakafuni kando ya kitanda, mbavu zimefungwa, sikio limeshonwa. Hakumwambia kuhusu lile duara la unga. Alimtia maji midomoni kwa pamba.

Nibras alikuja akasimama mlangoni akilia. Naziha alimwita karibu, akamwambia aoge, ananuka jasho, kisha asome taarifa ya bomba kila saa mpaka watoto waache kutapika. Nibras akaenda. Alisoma kila saa, siku tatu, sauti imekauka.

Jumamosi mchana walikuja watu wa televisheni kutoka Baghdad, binti mmoja na mpiga picha. Binti alikuwa mstaarabu. Alimbusu Naziha mkono. Walikuwa tayari na video ya Abbud, ile aliyojirushia mwenyewe, na alimwonyesha kwenye simu jinsi habari itakavyoanza: uso wa Abbud, sauti ya Abbud, sumu, matumbo ya wanawake, kisha tofali linaruka, kisha picha inasimama. Baadaye ndipo angekuja mtaalamu kueleza.

"Watu watakaa watazame, Hajjati," alisema. "Wakishakaa, tutawaeleza ukweli."

Naziha aliomba arudie sentensi ya kwanza. Binti akaisoma tena.

Naziha akamgeukia Mizhir. "Umesikia nini?"

"Nimesikia maji yana sumu," Mizhir akasema.

Binti akamtazama mzee yule, sikio lake na dizeli iliyokuwa bado kwenye ndevu, kisha akazima simu. Akatoa daftari.

"Basi nianze na nini, Hajjati?"

Naziha alifumba macho. Walidhani amelala. Aliposema, sauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa ileile ya redioni, haikupanda wala kushuka.

"Anza na bomba, binti yangu. Sema limepasuka wapi, sema limezibwa siku gani, halafu sema Lafta yu hai. Abbud mtie mwishoni, na usimwandikie maneno yake, andika alichokifanya. Na mkewe usimtaje. Mimi nilimtaja, nikakosea."